Kipimo cha Ukuta

Fundi alikuwa na vyerehani viwili na maneno mengi. Cherehani cha kwanza kilikuwa cha miguu, cha zamani, na alikipenda kama mtoto wa kwanza. Cha pili kilikuwa cha umeme, alikitumia pale mteja anapokuwa amesimama mlangoni ananung'unika. Duka lake lilitazamana na duka la dawa. Mtaa mzima ulimwita Fundi, na mkewe naye, baada ya miaka yote waliyoishi pamoja, hakuwahi kuhangaika kutafuta jina jingine. Yeye alimwita mkewe Bibie. Mtaa ulimwita Mama Mbu.

Jina hilo lilitokana na kazi. Tangu alipomaliza chuo kikuu mpaka alipostaafu, Bibie alikuwa mtafiti katika Taasisi ya Wadudu, lile jengo refu la matofali ng'ambo ya barabara kuu, na mdudu aliyemchunguza maisha yake yote alikuwa mbu. Aliyelianzisha ni dada yake Fundi, mwanamke ambaye akiongea sebuleni kwake, nyumba ya tatu wanaitikia. "Wenzake wanarudi kazini na mikoba," alikuwa akisema, "wifi yangu anarudi na vipele." Bibie alicheka, akalizoea jina, na mwisho akawa analitumia mwenyewe akipokea simu.

Basi siku moja karani wa Taasisi akaingia dukani na kazi nono. Taasisi ilikuwa inatimiza miaka hamsini. Ukumbini zilikuwa zimetundikwa picha za wanasayansi walioijengea sifa, na mgeni rasmi angekuja kuzifunua. Lilitakiwa pazia zito la kuvutwa kwa kamba, lisije likakwama mbele za watu. Fundi akachukua utepe wake na penseli, akavuka barabara.

Jengo lile alilijua kwa nje kuliko kwa ndani. Miaka nenda miaka rudi alikuwa akimsubiri mkewe getini, akipiga soga na walinzi. Safari hii aliingia mpaka ukumbini, akapanda ngazi ya mbao, akaanza kupima kuanzia picha ya kwanza. Na kwa kuwa hakuwa mtu wa kupita kwenye maandishi bila kuyasoma, akawa anasoma kilichoandikwa chini ya kila picha. Wote walikuwa wanaume. Hilo peke yake lisingemshtua, maana alishayaona mengi. Kilichomfanya autoe mkono ukutani ni picha ya katikati, kubwa kuliko zote. Ilikuwa ya marehemu Profesa, mkuu wa idara wa zamani, na chini yake iliandikwa kwamba ndiye aliyemgundua mbu wa jioni wa mabondeni, na kwa ugunduzi huo akaokoa maelfu ya watoto.

Fundi akashuka, akakaa kwenye kidato cha chini cha ngazi ileile.

Kisa cha mbu wa jioni alikijua, maana kilipita nyumbani kwake. Enzi hizo vijiji vya mabondeni vilikuwa vimegawiwa vyandarua, kila kitanda na chake, na bado watoto waliugua malaria. Wakubwa wakasema akina mama hawajui kuvitumia, ukaandaliwa msafara wa kwenda kuwafundisha. Bibie, wakati huo bado kijana, akapelekwa na msafara huo, na badala ya kufundisha akasikiliza. Kuna mama mmoja aliyekuwa anasugua masufuria nje ya nyumba yake, akamwambia, huku akijipiga kofi mguuni, kwamba hawa mbu wanaozungumzwa huwa wameshashiba kabla yeye hajawaza kulala. Bibie akarudi mjini, akakaa kwenye kiti cha wateja, akamwambia mumewe kwamba pengine vyandarua havina kosa na akina mama hawana kosa. Pengine mbu wa kule anakula mapema.

Kulithibitisha hilo ilibidi mtu akae nje jua likielekea kuzama, mguu wazi, akimnasa kila mbu anayetua kabla hajauma. Nguo ya kazi kama hiyo haikuwepo, kwa hiyo Fundi akaibuni: suruali ya kitambaa kizito, mguu mmoja ukifunguka kwa vishikizo kuanzia gotini kwenda chini. Alishona tatu, kwa kuwa waliojitosa kwenye kazi ile walikuwa wanawake watatu. Bibie alikuwa mmoja. Wa pili alikuwa Mrefu, bingwa wa darubini, aliyeweza kumpasua mbu mdogo kuliko punje ya mchele na kukuonyesha kama amebeba malaria au hana kitu. Wa tatu alikuwa Bi Kimya. Huyo aliwafuga viluwiluwi kwenye mabeseni mpaka akaonyesha kwamba mbu wa jioni ni wa ukoo mwingine kabisa, asiyependa kuingia ndani, na kwamba anazaliana kwenye maji yanayotuama katika alama za kwato za ng'ombe. Watu wakaanza kufukia vidimbwi na kuwapaka ng'ombe dawa. Msimu uliofuata, zahanati ya bondeni ikabaki na vitanda vitupu. Siku habari hiyo ilipofika, Bibie alicheza katikati ya vyerehani, na mteja aliyekuja kuchukua kaptura yake akachezeshwa naye apende asipende.

Kisha Profesa akaandika makala kwa jina lake peke yake. Mwishoni aliwashukuru mafundi wa maabara. "Basi na wewe sasa ni fundi kama mimi," Fundi alimwambia mkewe siku ile, akidhani ni utani. Ulikuwa utani pekee wa maisha yao ambao Bibie hakuucheka.

Mchana ule wa kupima ukuta, Fundi alirudi nyumbani na chakula kikamshinda. Bibie akamwuliza kama tumbo linamsumbua, naye akamweleza yote aliyoyaona. Alitegemea mkewe angewaka. Bibie akaendelea kumenya viazi.

"Karani alishaniambia," alisema. "Mimi hilo nimeshalilia, Fundi. Nililia miaka ile nikamaliza. Wewe ndiyo kwanza unaanza."

"Basi niache nilie zamu yangu."

"Lia. Ila usililie kwenye pazia la watu, utaliacha na madoa."

Akacheka, kisha akamwelezea habari ya mjukuu wa Bi Kimya. Mtoto aliulizwa shuleni bibi yake alifanya kazi gani, akaenda kumwuliza, na Bi Kimya, kwa ule ubahili wake wa maneno, akajibu, "Nilikuwa nafuga." Mtoto akaandika kwamba bibi yake alikuwa mfugaji wa kuku. Bibie aliisimulia kama kichekesho, lakini alipofika mwisho aliweka kisu chini, na viazi vilivyobaki havikumenywa tena mchana ule. Fundi akajua kwamba kile kilio hakikuwa kimeisha chote.

Asubuhi iliyofuata alivaa shati lake la kwendea harusini, akaenda kumwona Mkurugenzi. Huyu alikuwa mwanamume wa makamo, mwenye haraka lakini mwenye adabu, aliyehamia pale akitokea chuo cha mbali. Fundi akamwambia kwamba kitambaa hawezi kukikata, kipimo kina kasoro.

"Kasoro gani tena?"

"Mkurugenzi, mmenipa shati lisilo na mikono."

Mkurugenzi akadhani mtu anatafuta kuongezewa malipo. Fundi akakana, akasema bei ni ileile. Akaeleza kwamba upande wa kushoto wa ukuta kumebaki nafasi pana, na watu wa kuijaza wapo hai, mmoja anaishi ng'ambo ya barabara, na bila wao mbu wa jioni angekuwa anakula mpaka leo bila bughudha. Mkurugenzi akaweka kalamu mezani. Makala ile ya Profesa, alisema, ndiyo iliyomfanya asomee wadudu badala ya sheria kama baba yake alivyotaka. Akauliza kama kuna ushahidi.

"Mimi nilishona suruali tu," Fundi alijibu. "Ushahidi nenda kawaulize wenyewe. Akili zao ziko palepale. Mmoja magoti yanamsumbua, lakini ulimi wake mzima kabisa."

Jumamosi Mkurugenzi akaenda. Wanawake watatu walikuwa wamekaa sebuleni kwa Bibie, na dada yake Fundi, ambaye hakualikwa, amejiweka karibu na mlango asipitwe na jambo. Mkurugenzi aliomba radhi kwamba hatakaa sana. Akauliza swali moja, jinsi walivyowatofautisha mbu wale wakati kwa macho wanafanana kama pacha, na swali hilo likamwangukia Bi Kimya. Hapo ndipo ajabu ilipotokea. Bi Kimya aliongea. Aliongea mpaka chai ikapoa kwenye vikombe, akaeleza mabeseni yalivyopangwa, maji aliyoyatoa bondeni kwa ndoo, mayai yalivyotagwa juu ya maji kama vumbi la mkaa, na jinsi alivyokuja kuona tofauti kwenye vinyweleo vya viluwiluwi. Mrefu akawa anachora kwa kidole kwenye kitambaa cha meza, anasahihisha hapa na pale. Mkurugenzi naye alikuwa amesogeza kiti mpaka magoti yake yakagusa meza, anauliza kama mwanafunzi, na haraka yake yote imemtoka. Mwisho akauliza kwa nini hawakulalamika.

"Tulilalamika, mwanangu," Mrefu akasema. "Aliyepokea malalamiko ndiye aliyeandika makala."

Dada yake Fundi akaguna kule mlangoni.

Mkurugenzi akaahidi palepale kwamba maandishi ukutani yatabadilishwa na wao watawekwa. Bibie akaomba picha ya Profesa isitolewe. Alisema mzee yule alijua kuomba gari na mafuta ya kwenda bondeni, na hiyo nayo ni kazi, basi aandikiwe aliyoyafanya na asiandikiwe ya wenzake. Tatizo likabaki moja: hawakuwa na picha. Mpiga picha wa Taasisi wa enzi hizo alikuwa akipiga wageni na wakubwa, na kamera yake haikuwahi kufika kwenye mabeseni ya Bi Kimya.

Fundi alikuwa akiisubiri nafasi hiyo. Akasimama, akaeleza wazo lake kwa mikono miwili. Atashona suruali zilezile, tatu, mpya. Wanawake watakaa kwenye vigoda nje, mguu mmoja wazi, kama jioni zile za bondeni, na picha ipigwe hivyo, watu waone ushujaa. Mkurugenzi akalipenda, na dada mtu akapiga makofi.

"Hapana," Bibie akasema. "Mnataka kunitundika ukutani kama chambo."

Fundi akaona ametahayarishwa mbele za wageni. Akamwuliza kama hajui ni ujasiri kiasi gani kukaa pale na kuwaita mbu waje.

"Kung'atwa siyo kazi, Fundi. Hata ng'ombe anang'atwa, na sijaona aliyempa cheti. Sisi tulifikiri. Walipotuita mafundi wa maabara, kufikiri kwetu ndiko walikokutupa. Wakaibakisha miguu yetu, wakavitupa vichwa."

Fundi akakaa chini polepole. Miaka yote alikuwa akimsifia mkewe kwa wateja, na sasa, akikumbuka, akaona kwamba kila mara alichosimulia ni ile suruali: vishikizo vilivyokaa, kitambaa alichokichagua, mguu ulivyofunguka. Alikuwa amemsifia mkewe kuanzia gotini kwenda chini. Hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kuambiwa kwamba kwenye kiti kilekile alichokalia ndipo Mama Mbu alipowaza kwamba mbu anakula mapema.

"Nimekuelewa, Bibie," alisema. "Nilikuwa najishona mwenyewe humo ndani."

Bibie akamtazama, uso ukalegea. "Suruali shona," akasema. "Nilikuwa naipenda. Ina mifuko mizuri. Ila tutakaa mezani, na darubini, na ramani ya bonde."

Wiki iliyofuata duka likageuka uwanja wa vichekesho. Umri ulikuwa umempunguza Mrefu, na Fundi alipomaliza kumpima akampa pole kwamba sasa itabidi aitwe Wastani. Alipofika kwa mkewe alitaja kipimo cha kiuno kwa sauti, kama anavyofanya kwa wateja wote, akaombwa akitaje tena kimoyomoyo. Bi Kimya alitaka mfuko wa ziada wa kuwekea miwani, akaupata. Dada yake Fundi akaja kila siku kukagua maendeleo, akawa anawaeleza wapita njia kwamba hizi ni nguo za kisayansi na hazigusiki.

Picha ilipigwa kwenye maabara ya zamani. Mpiga picha, kijana wa kike mwenye subira, aliwapanga vizuri, akawaomba watabasamu. Wakatabasamu, na wote watatu wakaonekana kama watu wanaosubiri kung'olewa jino. Alipokuwa anabadilisha taa, Bi Kimya akagusa ramani, akasema kwa upole kwamba siku zote aliamini madimbwi ya kando ya barabara nayo yalichangia. Mrefu akamkatalia hapohapo. Bibie akaweka kidole bondeni, akasema wote wawili wamesahau ile mvua ya kabla ya msimu. Sauti zikapanda. Mrefu akainuka nusu, kiganja hewani. Bi Kimya akafumba jicho moja, kama mtu anayevuta hesabu kutoka mbali. Mpiga picha akaacha taa zake, akaanza kubonyeza kamera bila kusema neno.

Siku ya sherehe ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Wanawake watatu walikaa mbele na suruali zao mpya, na kati yao alikaa mama mmoja mtu mzima ambaye wengi hawakumjua. Bibie alikuwa ameagiza gari la Taasisi limfuate bondeni, akasema bila huyo yeye hapandi jukwaani. Mgeni rasmi akashika kamba. Fundi, aliyesimama pembeni, akaacha kupumua, maana pazia ni kama mtoto, huwezi kujua litakufanyia nini mbele za watu. Pazia likateleza mpaka mwisho bila kigugumizi.

Kwanza watu walicheka. Katikati ya nyuso zilizonyooka za mabwana wenye tai, wale watatu walikuwa wanabishana, vinywa wazi, vidole kwenye ramani, na chini ya meza mguu mmoja mmoja unachungulia kwenye vishikizo vilivyofunguliwa. Kisha wakasoma maandishi: hawa ndio waliomgundua mbu wa jioni, na kila mmoja akatajwa kwa alichokifanya, nani aliwaza, nani alipasua, nani alifuga. Kicheko kikageuka makofi, na makofi hayakutaka kuisha. Dada yake Fundi akapiga vigelegele vilivyowafanya walinzi wa getini waje kuchungulia. Akamgeukia bwana mkubwa aliyekuwa kando yake, akamwarifu kwamba yule wa katikati ni wifi yake, na jina la Mama Mbu ni yeye aliyempa. Mjukuu wa Bi Kimya alisoma maandishi yote kwa kidole, akauliza kwa masikitiko kidogo kama kuku hawakuwepo kabisa.

Bibie alipopewa kipaza sauti hakusema mengi. Alimshika mkono yule mama wa bondeni, akamsimamisha. "Mimi nilipata wazo," alisema, "lakini nililipata kwa huyu. Yeye alisema, mimi nikasikiliza, hawa wenzangu wakathibitisha. Nawaomba ninyi vijana mliosoma kuliko sisi, mkienda kazini, sikilizeni kwanza, halafu mfikiri, halafu muandike majina yote."

Yule mama wa bondeni, bila kuombwa, akasogeza mdomo kwenye kipaza sauti, akasema masufuria yale anayo mpaka leo. Ukumbi ukaangua kicheko upya, na Fundi alipogusa shavu lake akakuta limelowa, wala hakujua tangu saa ngapi.

Haikuishia hapo. Mkurugenzi alimwomba Bibie awe anakuja kila wiki kuwafundisha watafiti wapya, wengi wao wasichana, jinsi ya kwenda kijijini na kusikiliza. Bibie alijidai kuwaza siku mbili, kisha akakubali kwa sharti kwamba Mrefu na Bi Kimya nao waitwe. Sasa Fundi anakula chakula cha mchana peke yake mara moja kwa wiki, na wateja wakimwuliza Mama Mbu yuko wapi, anawaambia, bila kutaja suruali, kwamba ameenda kufikirisha watu.

Siku ya somo la kwanza alifunga duka mapema akaenda, akakaa kiti cha nyuma kabisa. Bibie alisimama mbele na kipande cha chaki, akaeleza mambo ya mbawa, misimu na damu, na nusu ya maneno yale Fundi hakuyajua hata kwa kuyasikia. Katikati ya somo mkewe akatoa mzaha fulani juu ya mbu dume, darasa zima likacheka. Fundi hakuelewa kinachochekesha. Akawatazama wasichana wale walivyoinamia madawati kwa kicheko, akamtazama Bibie aliyekuwa anafuta machozi kwa mkono wenye chaki, halafu na yeye akacheka, kwa kuchelewa kidogo, akacheka kuliko wote.